Bastola ya Baruti na Kuku Walioshiba

Jumamosi ya kwanza tuliyowakuta kuku wameshiba, Papa alicheka. Kuku wetu kumi na mmoja, ambao kawaida wakisikia tu gari likipinda barabarani huanza kusukumana kwenye wavu, siku hiyo walikuwa wametulia chini ya banda, shingo ndani, kama watu waliotoka harusini. Papa aliwamwagia mahindi, wakayatazama tu. Akaniambia labda wameokoka, wako kwenye mfungo.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeliona kufuli. Papa akifunga mnyororo wa geti hupitisha mkono kwenye nondo na kuligeuzia kufuli ndani, mvua isiingie tunduni. Siku hiyo lilikuwa limefungwa sawasawa, ila lilining'inia nje.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hakuna mtu shuleni kwangu anayeweza kukisoma. Nilizaliwa hapa Birmingham. Kiswahili nakisikia nyumbani tangu tumboni, na kukiandika nilifundishwa na tantine, yaani shangazi, mmoja Mkenya kanisani, Jumamosi jioni, kwa vitabu vya shule za kwao. Kukisema ndiko kulinishinda. Papa na Mama huongea nami Kiswahili cha Kongo, mimi hujibu Kiingereza, tena kifupi. Na Kiingereza chenyewe sikisemi sana. Dada yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, alinipa jina la bubu nilipokuwa na miaka sita, na mpaka mwaka jana alikuwa bado analitumia.

Tunaishi Northfield. Shamba liko nje ya mji, dakika ishirini na tano kwa gari, mahali ambapo nyumba zinaisha na ua wa miiba unaanza. Papa alilikodi kwa bwana mmoja Mwingereza anayekaa mbali, ambaye alilisimamia kwa niaba ya mama yake mzee. Huyo mama aliishi katika nyumba ya matofali ng'ambo ya kijito, na mwanawe alituambia hatoki tena, kuna mtu anakuja kumhudumia mchana, tusimsumbue. Mwaka mzima hatukuwahi kumwona. Tulipanda mahindi, maharage na lengalenga, yaani mchicha, tukaweka kuku na mbuzi watatu. Papa anaanza kazi ya bohari saa nane mchana, kwa hiyo kila asubuhi alikuwa huko kwanza. Jumamosi nilikwenda naye, kwa sababu mbuzi hawamlazimishi mtu kuongea.

Wiki zilizofuata vitu vidogo viliendelea. Toroli tuliloliacha limeegemea banda tulilikuta limesimama katikati ya njia, likielekea geti. Ndoo ya maji ilikuwa imejaa na sisi tuliiacha tupu. Asubuhi moja mbuzi wote watatu walikuwa wamejipanga kwenye uzio wa upande wa kijito, wakitazama kitu ambacho sisi hatukukiona, na hawakugeuka hata tulipowaita. Hakuna kilichoibiwa. Hata yai moja.

Papa aliacha kucheka. Hakueleza kwa nini, lakini Mama alinieleza siku moja tukikunja nguo. Alisema kule kijijini kwa Papa, kabla watu wenye silaha hawajaingia, wiki nzima vitu vilikuwa vinahama mahali pake. Mlango wa zizi ulifungwa ukakutwa wazi. Mtungi ukakutwa upande wa pili wa nyumba. Wazee walisema ni watoto wanacheza. Kumbe walikuwa wanajifunza njia. Papa wakati huo alikuwa na umri kama wangu, na katika nyumba yao alitoka yeye na dada yake basi. Mama alisema haya huku akiendelea kukunja mashati, kisha akanituma nikalete soksi.

Bastola Papa aliinunua mtaa wa Digbeth, kwenye ghala la zamani ambalo siku hizi linauza vitu vikuukuu: vioo, saa za ukutani, kofia za askari waliokufa. Nilikuwa naye. Ilikuwa ndani ya sanduku la kioo, nzito, nyeusi, ya zama zile za kujaza baruti na risasi ya duara katika kila tundu, kisha kuvalisha fataki nyuma yake, matundu sita. Papa alimwuliza muuzaji kama inahitaji kibali. Muuzaji akasema hapana, maadamu ni pambo tu. Papa alilisikia neno hapana. Yale mengine, nadhani, aliyasikia pia, lakini hakuyabeba hadi kwenye gari.

Alichokiangalia zaidi kilikuwa maandishi. Kwenye mtutu kulikuwa kumechongwa jina la mji huu. Akaniambia kwamba babu alikuwa na gobore la kuwindia, la kurithi, na juu ya chuma chake kulikuwa na jina hilihili. Ndilo neno la kwanza la Kizungu aliloliona maishani, akalijua herufi kwa herufi kabla ya kujua kama ni mji, mtu au dawa. Baadaye alinionyesha mitaa iliyo jirani na kanisa letu, upande wa Newtown, ambako zamani bunduki zilitengenezwa kwa maelfu na kupelekwa Afrika. Alisema kama mtu aliyekuja kumtembelea ndugu.

Baruti aliipata wapi sijui mpaka leo, na sikuuliza. Kazi yenyewe aliijua kutoka kwa babu. Aliziba midomo ya matundu kwa mafuta ya mbuzi ili unyevu usiingie. Alisema baruti ni kama unga wa muhogo, inakunywa hewa. Fataki, ambazo ni vikofia vidogo vya shaba visivyozidi punje ya dengu, alizibadilisha kila Jumamosi, akasema nchi hii ina maji hata mahali pasipo na mvua. Kisha aliivaa kiunoni, chini ya koti, akaenda kumwagilia lengalenga. Alikamua mbuzi nayo. Aliokota mayai nayo. Baada ya wiki mbili niliona anatembea ameinamia kidogo upande wa kulia, hata nyumbani, hata kanisani ambako hakuwa nayo.

Yaya alipojua, alimwita Sherifu, kama askari wa filamu za kaoboi.

"Sherifu, leo umekamata nani?"

Papa akamwambia acheke tu, siku akikamata mtu ni yaya atakayemletea yeye chai ya tangawizi. Lakini alitueleza sheria yake, kwa sababu Mama alikuwa anatazama. Hafyatui hovyo. Anaita mara tatu. Babu alifanya hivyo porini akisikia majani yanatikisika, maana huenda ni mwanamke anaokota kuni. Mtu mwema akiitwa mara tatu atajibu.

"Lakini Papa," yaya akasema, "unaita kwa Kiswahili. Huku ni Uingereza. Nani atakujibu, mbuzi?"

Wote walicheka, Mama pia. Papa alisema lugha haina shida, mtu hujibu sauti. Nilitaka kusema kwamba yaya ana haki. Nikala chakula changu.

Mama alimkataza. Alimkumbusha kwamba karatasi zetu za uraia ziko mezani kwa mtu mahali fulani, na kwamba mtu mwenye bastola iliyojazwa hawamwulizi maswali mengi hapa. Papa alisema yeye analinda mbuzi. Mama akasema mbuzi watatu hawana thamani ya mume mmoja. Siku hiyo hawakuongea tena, na kesho yake asubuhi bastola ilikwenda shambani kama kawaida.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Likizo ya Oktoba nilikwenda na Papa siku ya kazi. Ukungu ulikuwa mzito, mweupe, ule unaokaa juu ya majani mpaka saa tano. Papa alikuwa mwisho kabisa wa shamba, anagonga nguzo, na kila pigo lilinifikia limechelewa, kana kwamba mtu mwingine alikuwa anagonga nguzo nyingine nyuma yangu. Mimi nilikuwa karibu na banda la zamani, lililoporomoka paa, ambalo tulilikuta hapo na hatulitumii. Nikasikia geti. Halikupiga kelele, mnyororo ulishushwa taratibu na mtu aliyeuzoea.

Alikuja bibi mmoja mrefu, mwembamba, amevaa koti la mwanamume juu ya gauni la kulalia, na ndara za ndani zilizolowa mpaka zimekuwa nyeusi. Shingoni alikuwa na ufunguo kwenye utepe. Mkononi bakuli. Alipita karibu yangu bila kunitazama, akasimama mbele ya banda tupu, akawaita kuku wasiokuwepo kwa sauti ndogo ya ulimi. Na kuku wetu, kutoka upande ule mwingine, walikuja wanakimbia. Akawarushia nafaka, akiwahesabu kwa midomo, na nadhani hesabu haikumtoshea maana alirudia.

Kisha akanigeukia. Aliniita kwa jina ambalo si langu. Aliniuliza kama baba amesharudi mnadani. Akanishika mkono, mkono wake baridi kama bomba la maji, akanimwagia nafaka kiganjani nimsaidie. Tukawalisha kuku pamoja, mimi na yeye. Alipomaliza macho yake yalibadilika, yakawa macho ya mtu anayejua yuko wapi na amevaa nini. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba nisimwambie mwanawe, akijua atampeleka kule wanakowapeleka wazee. Nikatikisa kichwa kukubali. Aliingia ukunguni, na nyundo ya Papa bado ilikuwa inagonga mara mbili mbili.

Sikumwambia mtu. Nimejiuliza kwa nini, na nitaandika ukweli kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka. Niliahidi, hiyo moja. Halafu yaya angemcheka Papa mwaka mzima kwa kujifunga bastola dhidi ya bibi wa ndara. Halafu, na hii ndiyo kubwa, nilipenda kuwa na kitu changu. Kila nilipoiona bastola chini ya koti nilijiambia kesho nitasema. Nilijua kabisa kinachoweza kutokea. Nilikuwa nikilala nakiona: yeye ameanguka karibu na bakuli, Papa amepelekwa, Mama anakunja mashati ya mtu asiyekuwepo. Asubuhi nilikunywa chai nikanyamaza.

Novemba, Papa aliishiwa fataki. Alichukua zile kuukuu alizokuwa anazitunza kwenye kopo, akachagua sita nzuri, akaziweka kwenye kisahani juu ya rejeta, kile chuma cha ukutani cha kupasha nyumba joto, sebuleni zikauke. Ijumaa jioni Mama alihitaji rejeta kwa sketi yangu ya shule, akakihamishia kisahani dirishani. Dirisha letu wakati wa baridi hulia machozi ndani, usiku kucha. Asubuhi Papa alizichukua, akazifuta kwa shati, akazivalisha.

Siku hiyo ukungu ulikuwa kama ule wa Oktoba. Tulipofika geti lilikuwa wazi, wazi kabisa, mara ya kwanza. Papa alizima injini. Akaniambia nibaki ndani ya gari, nifunge milango. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtoto. Nilimwona anafungua koti, kisha ukungu ukamchukua.

Nilikaa nikihesabu. Nilipofika ishirini nikatoka.

Nilimpata hatua kumi na kitu mbele yangu, amenipa mgongo, mkono wa kulia umenyooka. Mbele yake, kwenye banda la zamani, kulikuwa na kivuli kirefu kimeinama. Nilisikia nafaka zinaanguka bakulini na kutoka, sauti laini, kama mvua inayoanza juu ya bati.

"Nani kule?"

Kivuli hakikugeuka. Nikafungua mdomo. Ni jambo lile lile linalonipata mwalimu anapoita majina darasani na langu linakaribia: neno liko, nalijua, limesimama nyuma ya meno, na halitoki. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema.

"Nani kule? Jibu."

Kivuli kikageuka, kikanyanyua mkono, hivi, juu ya bega. Alikuwa anarusha nafaka. Mimi nilijua anarusha nafaka.

Nikasikia: tak.

Kitu kidogo. Kama swichi ya birika.

"Ni mimi," nikasema. "Papa, ni mimi. Ni mama mwenye shamba. Ni mzee, analisha kuku."

Nilisema kwa Kiswahili. Sikukichagua, kilikuja chenyewe, kwa sauti ambayo sikuijua. Papa aligeuka taratibu, mkono umeshuka, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikifungua geti muda wote huo. Nyuma yake bibi alitoka ukunguni na bakuli lake. Akamwambia Papa kwamba amechelewa sana leo, kuku wana njaa.

Papa alirudisha bastola kiunoni, na haikuingia mpaka mara ya tatu. Akavua koti lake, akamvalisha bibi juu ya lile alilokuwa nalo. Akasema, "Jambo, mama. Twende nyumbani," kwa Kiswahili, na bibi akamshika mkono bila kuuliza kitu. Wakavuka ubao wa kijito pamoja, Papa akitembea kinyumenyume mbele yake ili asiteleze. Mimi nilibeba bakuli.

Tuliporudi kwenye gari, Papa hakuwasha injini. Alitandika leso mbele ya usukani, akaanza kuzibandua fataki kwa ncha ya kisu, moja moja, akizipanga. Tano zilikuwa laini. Ya sita ilikuwa imebonyea katikati, alama ya nyundo ya bastola, safi kama alama ya kucha kwenye sabuni.

Aliiangalia. Na mimi niliiangalia. Vioo vya gari vilikuwa vimejaa pumzi zetu.

"Niliita mara ngapi?" akaniuliza.

Mbuzi mmoja alilia huko, halafu akanyamaza.

"Tatu," nikasema.

Papa akatikisa kichwa muda mrefu.

"Eeh," akasema. "Tatu."

Hivyo ndivyo ilivyosimuliwa. Papa alimweleza Mama kwamba aliita mara tatu na mara ya tatu mtoto akajibu, Mama akakaa chini kwenye ngazi na kufunika uso kwa aproni. Kanisani waliisikia, wakaipenda, tantine Mkenya akanikumbatia akisema Kiswahili changu kimeokoa mtu. Yaya hajaniita bubu tena. Hakuna aliyetaja fataki ya sita. Ilipotoka kwenye leso sijui Papa anadhani ilianguka wapi. Iko nami, ndani ya mkebe wa kalamu, chini ya kifutio.

Polisi Mama aliwapigia simu mwenyewe, Jumatatu iliyofuata. Walisema tusiilete bastola kituoni. Walikuja wawili, wakavua kofia, wakakubali chai. Papa alikuwa ameshaitoa baruti yote na kuilowesha kwenye ndoo. Mmoja aliipenda, akaigeuza akisoma jina la mji kwenye mtutu, akaandika mambo kwenye karatasi ambayo Mama ameiweka pamoja na zile nyingine, na hatujui bado itasema nini. Aliuliza kama imewahi kulia tangu tuinunue. Papa akasema hapana, haijawahi. Ni kweli. Haikulia.

Bibi naye alipelekwa kule kwa wazee kabla ya Krismasi. Ilibidi Papa ampigie mwanawe simu, maana mzee wa ndara kwenye baridi ile hangefika Januari, na mimi sikumwambia Papa kwamba niliahidi. Mwanawe alikuja na gari lenye viti vya ngozi, akatushukuru sana, akatupatia ule ufunguo wa utepe ili tuwe na funguo zote mbili. Bibi alikuwa kiti cha nyuma. Nilisimama karibu na kioo. Alinitazama, na sikujua ananitazama kwa macho yapi, ya mtu anayejua yuko wapi au yale mengine.

Funguo zote sasa ziko kwenye msumari mmoja jikoni kwetu. Jumamosi iliyopita kufuli lilikuwa ndani, pale pale Papa alipoliacha, na kuku walikuwa wamekaa chini ya banda, shingo ndani, wameshiba. Papa aliwamwagia mahindi hata hivyo. Nani aliwalisha, sijui. Aliniangalia mara moja, akaenda kwenye maharage.

Bado anaita kila tunapofika, mikono mitupu, kabla ya kuvuka geti. Nani kule. Mimi huwa nimeshuka upande wa pili wa gari, hatua tatu kutoka kwake, ananiona kabisa. Najibu hapo hapo, kwa sauti, kwa Kiswahili, ni mimi Papa. Najibu ya kwanza. Ya pili sitaki kuisikia tena.